Tupeane uzoefu: gemu ya ngumi ya kukutanisha wahusika iliwahi kukugusa moyo?

Mtoto wa Pedi
Wakuu, habari za mchana. Nimetoka kubishana na jamaa hapa kazini mpaka chai imepoa. Anasema gemu za ngumi zinazokutanisha wahusika wa gemu tofauti haziwezi kuwa na stori ya maana hata siku moja. Umewaleta watu wasiojuana, unatafuta kisingizio cha kuwagombanisha, mara kuna jiwe la ajabu, mara malimwengu yamegongana, basi, pigeni.

Mimi nasema ipo iliyonigusa. Dissidia 012 ya PSP, ile ya 2011. Wanaoijua wanajua. Miungu wawili, Cosmos na Chaos, wanaita wapiganaji kutoka kila gemu ya Final Fantasy, wanatwangana, waliokufa wanafufuliwa bila kumbukumbu, vita inaanza upya. Sasa hii 012 ni stori ya kabla ya Dissidia ya kwanza, na hapo ndipo inapouma. Lightning, Tifa, Yuna, Vaan, Laguna na Kain wanaamua kwenda kuziba mlango yanakotokea yale masanamu yanayopigana, na wanajua ukiuawa na masanamu hufufuki tena. Na wewe uliyemaliza ile ya kwanza unajua kabisa hao sita hawakuwemo. Unawapeleka kwa vidole vyako mwenyewe.

Haya, ipi ilikugusa, na ilikukutia wapi?

Shoto Kali
Haipo. Uzi ufungwe.

Bibi Kombo
Shoto Kali, wewe stori uliiona saa ngapi? Sisi tuliokulia vibandani tulikuwa hatuoneshwi stori. Unalipia mechi, nyuma yako foleni ya watoto waliotoka madrasa na juzuu zao mkononi, kipande cha muvi kikianza tu mwenye kibanda anapiga kelele: "Bonyeza Start hiyo, umeme si wa baba yako!" Mimi Iori Yagami wa King of Fighters nilimjua miaka yote kama yule wa suruali iliyofungwa mkanda magotini anayecheka akishinda. Kwamba ana ukoo, ana laana, ana sababu ya kumchukia Kyo, hasimu wake, nimekuja kuyajua nikiwa mtu mzima na simu yangu mwenyewe.

Kwa hiyo mtu asiseme hazina stori. Aseme hakuwa na hela ya kuzitazama.

Mchuzi wa Pweza
Hapo kwa umeme si wa baba yako nimecheka kwa uchungu 😂

Mbongo wa Toronto
Nyie wa PSP na King of Fighters nawaheshimu, ila kwenye mada hii mfalme ni Smash Bros. Brawl, ile ya kukutanisha wahusika wa Nintendo, kwenye mashine ya Wii, 2008. Najua Wii nyumbani ilikuwa adimu, mimi niliikuta huku kwa watoto wa shangazi.

Ina sehemu inaitwa Subspace Emissary, na stori imeandikwa kwa kumshirikisha Kazushige Nojima, yule wa Final Fantasy VII. Humo ndani karibu hakuna mtu anayeongea. Mario haongei, Link haongei, wote ni macho na mikono tu. Kuna jamaa amevaa joho la kijani anazunguka na mabomu yanayomeza maeneo mazima. Kila bomu linashikiliwa na maroboti mawili, na likilipuka yanakwenda nalo. Unamchukia yule mwenye joho. Halafu mnafika kisiwani kwake, kwenye kiwanda cha mabomu, anaanza kusitasita. Ganondorf anatokea kwenye taswira, anawaamuru maroboti moja kwa moja bila kumpitia yeye, yote yanakwenda kujishikiza kwenye mabomu. Joho linaungua. Ndani yake kuna R.O.B., roboti kama wao. Kumbe muda wote alikuwa anawatoa watu wake kafara kwa kulazimishwa.

R.O.B. ni nini? Ni kifaa cha kuuzia Nintendo ya 1985, kiliambatana na gemu mbili, basi. Toi ya plastiki isiyo na mdomo. Na ndiye aliyenikamata koo.

Daktari wa Memori Kadi
Na baada ya hapo Sakurai, mtengenezaji wa Smash, akaacha kutengeneza stori ya namna hiyo, kwa sababu vile vipande vya muvi vilirushwa intaneti watu wakavitazama bila kucheza. Smash Ultimate ya 2018 inafunguliwa na muvi moja kubwa, kila mtu anafutwa anabaki Kirby, halafu unabaki kutembea kwenye ramani ukipiga watu. Nyie watazamaji wa YouTube ndio mliotuponza.

Mbongo wa Toronto
Sasa daktari, asiye na Wii angefanyaje? Atazame tu YouTube.

Daktari wa Memori Kadi
Angesubiri.

Msee wa Kayole
Wasee, niaje. Mnaongea na hamjataja Injustice ya 2013? Superman anadanganywa na Joker, anavutishwa sumu, anaona lile dubwana Doomsday mbele yake, anamshika anampeleka huko juu angani. Kumbe aliyembeba ni Lois, bibi yake, na ako na mimba. Na Joker alikuwa ameunganisha bomu na roho ya Lois, moyo ukisimama Metropolis inalipuka. Mtu anapoteza bibi, mtoto na mji kwa dakika moja. Joker amekamatwa na anaendelea kumchokoza, Superman anapitisha ngumi kifuani Batman akiwa hapo hapo. Mimi niliweka pedi chini, nikaenda kununua mandazi. Sikuwa na nguvu ya kuendelea.

Shoto Kali
Injustice sio ya kukutanisha. Wote ni wa DC, kampuni moja ya vibonzo. Hiyo ni sawa na kuniambia harusi ya binamu kwa binamu ni mkutano wa mataifa.

Msee wa Kayole
Buda, Scorpion wa Mortal Kombat yumo.

Shoto Kali
Wa kununua pembeni. Hayumo kwenye stori. Ukitaka DC na Mortal Kombat ipo ile ya 2008, Darkseid na Shao Kahn, wabaya wa pande mbili, wameunganishwa wakawa Dark Kahn. Nani alilia pale? Mkono juu.

Mchuzi wa Pweza
Mimi Jump Force, ile ya kukutanisha wahusika wa anime, ilinitoa machozi nilipokumbuka bei niliyoinunulia. Na 2022 wakaiondoa sokoni kabisa, hata wa kumuuzia hamna.

Kaka wa Tandika
Tekken 3 jamani. Heihachi anampiga risasi mjukuu wake Jin mwishoni. Babu mzima!

Bibi Kombo
Kaka, Tekken 3 imemkutanisha nani na nani? Soma kichwa cha habari.

Kaka wa Tandika
Imenikutanisha mimi na shemeji yenu, kibandani. Endeleeni.

Wa Pili Kuzaliwa
Nilikuwa napita tu kusoma, ila Bibi Kombo kanitonesha na huyo Iori wake.

Mimi na kaka yangu tumefuatana. Mtaani kwetu palikuwa na duka lenye mashine ya sarafu, KOF '97, yaani King of Fighters ya 1997. Yeye Kyo, mimi Iori, siku zote, hakuna kubadilishana. Watu wakatubatiza hivyo hivyo. Yuko mzee wa kahawa mpaka leo ananiita Iyoli.

Baba alipofariki likaja suala la kiwanja. Sitaingia ndani sana, ila kipande kiliuzwa sisi wengine tukaja kusikia kwa mnunuzi. Nikahama mji. Harusi ya mdogo wetu wa kike, kwenye picha ya familia, mpiga picha alituweka ncha na ncha, sijui nani alimnong'oneza.

Msiba wa mama ndio ukatukutanisha. Usiku wa pili wanaume tumelala nje chini ya turubai, wengine wanacheza karata, mwana mdogo wa kaka hana usingizi anachezea simu. Nasikia ule mlio. Nikaujua kabla sijageuka. Ni '97. Mtoto kachagua Kyo, Iori na yule dada Chizuru, bila kujua anachofanya, kafika kwa Orochi, adui wa mwisho, na anatandikwa vibaya. Kaka kamnyang'anya simu. Kwa vidole gumba kwenye kioo, akampiga Orochi.

Ukaja mwisho wake. Pale dukani hatukuwahi kuuona, kwa sababu mimi na yeye tulikuwa tunapigana wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyewahi kuwaweka Kyo na Iori timu moja. Orochi kashindwa lakini hajaisha. Anaiita damu yake iliyomo ndani ya Iori, maana ukoo wa Yagami ulifunga naye agano miaka 660 nyuma na ndiko uhasama na kina Kusanagi ulikotokea. Iori anapandwa na kichaa. Unategemea amrukie Kyo. Hapana. Anamkaba Orochi mwenyewe shingoni, anamng'ang'ania, ili Kyo apige. Ni picha zilizosimama na maandishi, hakuna hata muvi.

Kaka kasoma mpaka chini. Kamrudishia mtoto simu. Kaniambia, "Kumbe alimshikia." Nikamwambia, "Alimshikia." Msiba mzima tuliongea hayo tu. Baada ya mazishi nikapanda basi. Kiwanja bado kina mgogoro.

Mchuzi wa Pweza
Duh.

Mama Ubaya Ubwela
Pole sana mdogo wangu kwa kufiwa. Mie gemu sizijui, nilifuata kichwa cha habari nikidhani ni masumbwi. Hicho kiwanja kina hati?

Wa Pili Kuzaliwa
Ahsante dada. Hati ipo kwa jina la marehemu baba.

Karani Mstaafu
Kama hati ni ya marehemu na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa, huyo aliyeuza kauza nini? Itisheni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, muende Mahakama ya Mwanzo mkafungue mirathi. Mambo ya kugombania mpaka na mnunuzi ni baadaye.

Kaka wa Tandika
Usimpeleke ndugu wa tumbo moja mahakamani. Mtakula nauli mpaka kiwanja kiishe. Kaeni na wazee.

Karani Mstaafu
Wazee hawatoi hati.

Msee wa Kayole
Mnunulie pedi mpya, mtumie na basi. Mchape mechi tatu, atakayeshinda achukue upande wa barabarani.

Shoto Kali
Akubali tu asichague Iori, atapoteza kiwanja.

Ila mkuu, pole. Na nisije nikaharibu stori yako, lakini Kyo na Iori hawakupatana. Gemu zilizofuata Iori bado anamwinda mwenzie.

Wa Pili Kuzaliwa
Najua. Nimezicheza zote.

Mtoto wa Pedi
Wakuu, mirathi ifunguliwe uzi wake, turudi kwenye mada. Huyu kasema kitu ambacho mimi nilishindwa kumwambia jamaa wa kazini. Mkabo mmoja tu. Kyo na Iori wamekuwa wakipigana tangu '95, umewacheza wewe mwenyewe wakiumizana, kwa hiyo siku mmoja anamshikia mwenzie adui huhitaji hotuba. Filamu ingehitaji saa nzima kukujengea hilo.

Daktari wa Memori Kadi
Sikubali. Kyo na Iori wote ni wa KOF yenyewe. Waliotoka gemu nyingine ni kina Terry na Ryo, na stori kubwa haiwahusu. Kwa hiyo kinachowaliza sio kukutanishwa kwa wahusika. Dissidia hivyo hivyo, nguvu yake ni mpangilio wa miaka.

Mgeni aliyepewa stori kweli ni Akuma kwenye Tekken 7. Katoka Street Fighter, kaletwa kwa sababu ana deni kwa Kazumi, mke wa Heihachi. Mama yule alijua atauawa na mumewe, akaomba mtu wa nje amalize mume na mtoto. Toa Akuma pale, stori ina shimo.

Kaka wa Tandika
Kwa hiyo Tekken inaruhusiwa sasa?

Bibi Kombo
Tekken 7 ndiyo. Ile ya kwako hapana.

Na mimi naongeza KOF XIII. Ash Crimson, yule kijana wa kucha zilizopakwa rangi ambaye kila mtu alimchukia kwa kuiba nguvu za watu, anamzuia Saiki asipite kwenye mlango wa wakati. Saiki ni babu wa ukoo wake, kwa hiyo babu asiporudi huko nyuma Ash hatazaliwa. Anafanya hivyo akijua. Anafutika, Elisabeth, rafiki yake wa utotoni, anabaki analia. Wakamrudisha kwenye XV, nikakasirika. Nilishamlilia, wananirudishia wa nini?

Shoto Kali
Basi hiyo ya Ash nakubali. Hiyo moja tu.

Mchuzi wa Pweza
Hiyo '97 ya simu, timu ya watatu inafunguliwa kwa code gani?

Wa Pili Kuzaliwa
Haina code. Chagua Kyo, Iori na Chizuru mwenyewe, umalize gemu nao. Kabla ya Orochi utakutana na Leona aliyepandwa na kichaa cha damu ya Orochi, usimfuate hewani, atakuchana.

Kaka wa Tandika
Mwenye Tekken 3 ya simu isiyokwama anitumie inboksi.