Kiduha kwenye mahindi: desmodiamu, mukuna au mabua ya mtama?

Mkulima_Rorya
Wakuu, habari za mihangaiko. Shamba langu la mahindi limevamiwa na kiduha (striga), gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Mahindi yakifika magotini yanadumaa na kunyauka kama yana kiu, hata kama mvua imenyesha jana yake. Baadaye maua ya zambarau yanachomoza kuzunguka mashina. Nataka mimea inayozuia magugu kwa kemikali zake yenyewe. Nimetajiwa desmodiamu, mukuna, mabua ya mtama, na maji ya majani ya mkaratusi. Nichague ipi?

Shamba_Darasa
Desmodiamu, mkuu, ule mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Mbegu ya kiduha hulala ardhini miaka mingi, na haiamki mpaka ipate harufu ya mzizi wa mahindi, mtama au nafaka nyingine ya jamii hiyo. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za aina mbili: moja inaiamsha mbegu, nyingine inazuia kamzizi kake kasishike mzizi wa mahindi. Ikiota bila kupata pa kunyonya, inakufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo akiba ya mbegu kwenye udongo inapungua msimu hadi msimu. Palizi haifiki huko, maana ukikiona kiduha juu ya ardhi, kimeshanyonya vya kutosha.

Ndiyo kilimo cha vuta-sukuma walichokiendeleza icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, ng'ambo tu ya mpaka kwenu. Desmodiamu kati ya mistari, nyasi za matete au brakiaria pembezoni kuvuta vipekecha shina, wadudu wanaotoboa mabua ya mahindi.

mama_mtama
Nampenda mtama, lakini kwa shida yako hapana. Ng'oa mche mchanga uangalie vinyweleo vya mizizi kwa lenzi: utaona vitone vya mafuta vya rangi ya manjano. Hiyo ni sogoleoni, inayovuruga usanisinuru (kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) wa magugu machanga, hasa yenye mbegu ndogo na majani mapana. Mabua yakiachwa shambani nayo husaidia. Ila kiduha kinaushambulia mtama wenyewe! Mtama ni wa kupunguza magugu ya kawaida.

Kijana_wa_Kakamega
Mukuna nayo isidharauliwe. Ina L-dopa kwa wingi, kemikali ileile inayotibu ugonjwa wa Parkinson, na inadumaza mizizi ya mimea jirani. Lakini nguvu yake kubwa shambani ni kivuli: inatambaa, inafunika, gugu linakosa jua. Ukiipanda mapema itayapanda mahindi yenyewe na kuyaangusha. Mbegu zake usizipike kama maharage, zina madhara.

Mkulima_Rorya
Na mkaratusi? Chini ya miti yangu hata nyasi ni za kuhesabu.

Shamba_Darasa
Hapo kuna mambo mawili: mafuta ya majani, na mti kunyonya maji mengi. Usidhani ukichemsha majani utapata matokeo yaleyale. Maji hayo hayachagui adui. Yanaweza kuzuia na mahindi yako kuota. Desmodiamu inashinda kwa sababu mzizi hai unaendelea kutoa dawa mle mle kiduha kilipo, kila siku. Hakuna ndoo itakayofanya hivyo.

Mtafiti_mstaafu
Nyongeza kidogo. Mwaka 1977 huko California, mtaalamu mmoja aligundua kuwa magugu hayakuwa mengi chini ya mti wa kalistemoni, ule wa maua mekundu kama brashi ya chupa. Kemikali yake, leptospemoni, ilihitaji kipimo kikubwa mno kuua magugu. Wakemia wakaibadilisha, ikazaliwa mesotrioni, dawa ya kuua magugu inayopuliziwa kwenye mahindi leo. Gugu linageuka jeupe kisha linakufa. Kwa hiyo kemikali ya mmea peke yake mara nyingi ni dhaifu au haidumu. Tazama inafikaje kwa adui.

mama_mtama
Ndugu yetu wa Rorya, jiandae na kazi ya msimu wa kwanza. Desmodiamu huanza polepole sana, na usipoipalilia ikiwa changa itamezwa. Mbegu ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu ndipo umwage kwenye mfereji. Bei ikikushinda, tafuta jirani mwenye nayo, kata vikonyo, panda mvua ikishakolea. Na ng'ombe wako wataila vizuri.

Mkulima_Rorya
Asanteni sana. Naanza na kipande kile kilichoathirika zaidi, kwa vikonyo.