Miaka ya kutozikana Pemba na Unguja: upande wako uliuchagua au ulijikuta? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Konde
Jana nimemsikia kijana akisema mtu huchagua chama kwa sera. Nikaikumbuka 1996 yetu, tuliposusiana kwa ajili ya vyama. Waliokuwepo, semeni.

Bi Shumba
Nilijikuta. Nilipoolewa nilihama nyumba na chama siku moja.

Duka la Wete
Asalaam aleikum. Sikutaka kuandika, ila hiyo 1996 imenigusa pabaya. Nilikuwa na miaka 12, baba ana duka kijijini karibu na Wete. Urais wa Zanzibar wa Oktoba 1995 ulitangazwa asilimia 50.2 kwa 49.8, na kwetu hawakukubali. Mara tukasikia watu wa upande wa pili wasiuziwe. Hakuna kikao, hakuna karatasi, maneno yalitoka barazani tu.

Ami yangu, tumbo moja na baba, alikuwa upande huo. Akaja kutaka nusu kilo ya sukari. Baba akawatazama wacheza bao nje, na wao wameacha kucheza, kete mkononi. Akasema, "Imekwisha." Kikombe cha kuchotea kimesimama ndani ya gunia, liko wazi, ami anakiona. Akasema, "Haya, kaka," akaenda zake. Baba kadi hana wala mkutanoni haendi. Aliwaogopa wale wanne wa bao.

Miezi haikuwa mingi mtoto wa ami akafa kwa homa. Hakuja mtu. Ami alichimba kaburi na shemeji yake, wawili tu. Mimi nimejificha nyuma ya mkarafuu. Wakati wa kumshusha mtoto nikamwona baba anatokea, mikono ina unga wa dukani, akaingia kaburini bila neno. Kesho yake mama alirudi pwani na kapu tupu. Na sisi tumeshasusiwa.

Mtoto wa Konde
Ya Rabi. Nimesoma mara tatu.

Mkusini
Pole sana. Lakini isionekane ni Pemba peke yake. Huku kusini Unguja aliyekuwa upande wenu hata gari ya abiria haikumsimamia.

Bi Shumba
Upande "wenu" upi? Nani kataja upande hapa?

Mkusini
Unajua mwenyewe.

Bi Shumba
Sijui. Mtu anasimulia maziko ya mtoto, wewe unahesabu pande!

Mkusini
Na mimi nina maziko yangu, dada. Sikuyasimulia tu.

Mzee wa Ng'ambo
Taratibu, wanangu. Haya hayakuanza 1995. Zama za siasa, baada ya uchaguzi wa 1957, wenye mashamba waliwafukuza waliokuwa wakilima kwao kwa ajili ya kura. Watu wakasusa maduka, wakasusa na mabasi. Bibi yangu alikuja mjini kwa miguu na kapu la muhogo kichwani, basi linampita. Hakuwahi kusikiliza hotuba hata moja. Akisema, "Shoga zangu wote wanatembea, nipande peke yangu nionekane nani?"

Nahodha
Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, nilivuka kwenda Shimoni, Kenya, usiku, mashua imejaa. Hakuulizwa mtu kadi, wote tunakumba maji. Tulipotia nanga tu, watu wakaanza kukaa kishehia shehia, kila mtaa na watu wake.

Kijana wa Michenzani
Ushauri wangu wakati wa uchaguzi: usikae baraza yoyote.

Nahodha
Hapana. Asiye na baraza ndiye wa kwanza kushukiwa. Kaa mbili, kahawa utakunywa mara mbili.

Bi Shumba
Utaitwa ndumilakuwili na wote. Mimi nasema uza kwa kila mtu, funga mapema.

Mtoto wa Konde
Duka la Wete, ami yupo?

Duka la Wete
Yupo. Baada ya kura ya maoni ya Julai 2010, ile ya serikali ya umoja, alikuja dukani mchana kweupe, akaagiza nusu kilo. Baba akapima kilo. Ami akalipa nusu, nyingine akairudisha guniani kwa mkono wake. Hawakusema kitu. Baba alipofariki 2013, ami ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Mkusini
Allah amrehemu. Lakini 2015 matokeo yalipofutwa, na Machi 2016 kura ikarudiwa, kususiana si kulirudi?

Duka la Wete
Kulirudi. Walikuja wawili kuniambia nisimuuzie nani. Niliwaonyesha gunia, nikawauliza wao wanataka kilo ngapi.

Bi Shumba
Mkusini, simulia ya kwako. Tunakusikiliza.