Ushauri: klipu za kamba ya waya 10 mm kwenye mlingoti, na slingi ya kuinulia jenereta

Mlingoti12 (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaofanya kazi na kamba za waya.

Kuna mlingoti wa bomba la chuma wa mita 12 wa kusimamishwa. Utashikiliwa na kamba 4 zinazofungwa kwenye urefu wa mita 10, zishuke hadi nanga za zege zilizo mita 10 kutoka shinani. Kamba ni ya 10 mm, imepakwa zinki, ina misokoto 6 yenye nyuzi 19 kila mmoja, moyo wa chuma, daraja 1770 (nguvu ya chuma cha nyuzi zake). Vifaa vilivyopo ni klipu za U (bolti ya umbo la U, tandiko na nati mbili), shakeli (pingu za chuma zenye pini), tanibako za kukazia na bolti za jicho.

Maswali:
1. Klipu 2 kila mwisho zinatosha?
2. U ikae upande gani wa kamba?
3. Nati zikazwe kiasi gani?
4. Kamba itabaki kama mita 6. Naweza kuifunga macho kwa klipu hizohizo niitumie kama slingi ya kuinulia jenereta ya kilo 600?

Kapi_na_Winchi

Mkuu, naanza na swali la 4 kwa sababu ndilo linaloweza kuua mtu. Hapana. Usitengeneze slingi ya kuinulia kwa klipu.

Klipu inashika kwa msuguano tu. Kamba ikivutwa inanyooka na kipenyo chake kinapungua kidogo, kwa hiyo mshiko nao unalegea. Kwenye mlingoti unakaza tena baada ya mzigo wa kwanza na kamba inabaki imevutwa. Slingi inabebeshwa, inalegezwa, inakunjwa, inaburutwa, inabebeshwa tena, na kila mara nati zinapoteza kidogo. Halafu klipu zenyewe zinanasa kwenye kona za mzigo. Kiwango cha Marekani cha slingi, ASME B30.9, kinakataza macho ya klipu kwenye slingi za kawaida.

Tafuta slingi ambayo macho yake yamebanwa kwa mashine, yenye kibao cha uzito unaoruhusiwa. Angalia na pembe. Kwa kilo 600 na miguu miwili, pembe ya kila mguu ikipimwa kutoka usawa wa ardhi:

nyuzi 60: kila mguu unabeba kama kilo 346
nyuzi 45: kama kilo 424
nyuzi 30: kilo 600 kamili kila mguu

Slingi fupi juu ya mzigo mpana ndiyo inayokuletea pembe ndogo. Usishuke chini ya nyuzi 45, na ukiweza baki kwenye 60.

Nati_kwa_Nati

Swali la 2: tandiko, yaani kile kipande kizito chenye mifereji, linakaa kwenye upande unaobeba mzigo. U inakaa kwenye mkia, yaani ile ncha fupi iliyokunjwa kurudi. Klipu zote zielekee hivyo hivyo. Ile habari ya kupishanisha, moja hivi na nyingine vile "ili zishike pande zote", ni kosa.

Sababu unaiona kwa macho ukifungua klipu iliyokazwa. Chini ya tandiko kamba imelala kwenye mifereji inayofuata misokoto yake, imebaki ya mviringo. Chini ya U kuna kovu la mwezi mchanga: nyuzi zimebonyea na nyingine zimelala bapa. Kovu hilo likiwa kwenye mkia halina madhara makubwa kwa sababu mkia haubebi mzigo wote. Likiwa upande wa mzigo, umeikata kamba yako nusu nusu mwenyewe kwa spana.

Angalia pia klipu zenyewe. Iliyofuliwa ina tandiko laini lenye kingo safi, na kwa kawaida ina ukubwa na alama ya mtengenezaji. Ya kusubu ina uso wa chengachenga na mara nyingi mshono wa kalibu unaonekana. Kwa kitu kitakachosimama juu ya vichwa vya watu tumia zilizofuliwa. Isiyo na alama yoyote iweke kando, kwa sababu hujui ikazwe kwa jedwali lipi.

Mlingoti12

Shukrani wakuu. La slingi nimelielewa, nitatafuta ya kubanwa. Klipu zilizofuliwa zipo, zina alama ya 3/8. Naomba sasa vipimo: idadi, mkia na nguvu ya kukaza.

Fundi_Kamba

3/8 ya inchi ni ukubwa wa kamba ya 9 hadi 10 mm, uko sawa. Kwa klipu zilizofuliwa za aina hiyo, majedwali ya Marekani yanasema hivi (Nm, nyutoni-mita, ni nguvu ya kukaza nati):

8 mm: klipu 2, mkia 133 mm, Nm 41
10 mm: klipu 2, mkia 165 mm, Nm 61
13 mm: klipu 3, mkia 292 mm, Nm 88
16 mm: klipu 3, mkia 305 mm, Nm 129

Hicho ni kima cha chini. Kwenye mlingoti ningeweka 3, na ukiongeza klipu urefushe mkia kwa uwiano uleule: 165 gawa kwa 2 zidisha kwa 3, kama 250 mm. Watu huongeza klipu kwenye mkia uleule mfupi, zinasongamana na kamba haipati nafasi ya kulala kati ya moja na nyingine.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui. Klipu za kiwango cha Ulaya, EN 13411-5, zina jedwali lake: klipu ni nyingi zaidi na nguvu ya kukaza ni ndogo zaidi sana kwa kamba ileile. Usichukue namba zangu ukazitumia kwenye klipu hizo, utavunja nyuzi au bolti. Jedwali linafuata klipu iliyo mkononi mwako.

Utaratibu wenyewe:

Funga mkia kwa waya laini au tepu ngumu kabla ya kukata, la sivyo misokoto inafumuka. Weka subana (kile kipete cha mfereji kinachokaa ndani ya jicho). Bila subana jicho linabanwa bapa na nyuzi za pindo zinaanza kukatika. Kunja kamba, pima 250 mm kutoka shingo ya subana hadi ncha ya mkia.

Klipu ya kwanza iwe ya mbali, upana wa tandiko moja kutoka nchani. Kaza nati mbili kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, hadi Nm 61. Ukimaliza nati moja kabla ya nyingine U inakaa upande na inauma kamba kwa kona.

Ya pili iwe karibu kabisa na subana, lakini bila kuiumiza. Izungushe kwa mkono tu, usikaze bado.

Ya tatu iwe katikati. Sasa vuta kamba hadi ulegevu kati ya klipu uishe, pande zote mbili zilale sambamba, ndipo ukaze zote hadi Nm 61. Ukikaza ya subanani mapema, upande mmoja unabaki na tumbo na mzigo wote unaangukia klipu moja.

Tia mzigo. Kisha rudia spana ya kipimo kwenye kila nati. Hatua hii si ya hiari: utakuta nati zinazunguka tena, wakati mwingine kwa kiasi cha kushangaza. Na nyuzi za bolti ziwe safi na kavu, kwa sababu namba hizo ni za nyuzi zisizo na mafuta. Ukipaka grisi, Nm 61 ileile inaikaza klipu zaidi kuliko ilivyokusudiwa.

Hesabu_Kwanza

Kwa wanaouliza jicho hili linabeba nini: kamba yako (10 mm, daraja 1770, moyo wa chuma) inakatikia karibu kN 63 (kilonyutoni; kN 1 ni kama uzito wa kilo 100). Jicho la klipu lililofungwa sawasawa kwa ukubwa huu linahesabiwa asilimia 80, yaani karibu kN 50. Gawa kwa 5 kama kawaida ya kazi za mizigo, unabaki na kN 10, takriban kilo 1,000. Atakayeichukulia ile 63 kama nguvu ya kazi amekosea mara 6.

Shakeli_Kubwa

Wakuu wamemaliza klipu, ngoja niseme ya vifaa vingine maana mlolongo unakatikia pale palipo dhaifu.

Bolti ya jicho ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi hapa. Kamba zako zinashuka kwa nyuzi 45. Bolti ya jicho yenye mabega (sehemu pana chini ya jicho), ikivutwa kwa nyuzi 45 kutoka mhimili wake, inabaki na asilimia 30 tu ya uwezo wake wa kuvutwa wima, na ikivutwa kwa 90 inabaki na 25. Isiyo na mabega usiivute pembeni kabisa, itapinda shingoni. Suluhisho zuri kuliko kununua bolti kubwa ni kuiweka nanga ielekee kamba: fimbo ya nanga itoke kwenye zege kwa nyuzi zilezile 45. Ikishindikana, bapa la jicho lifuate mwelekeo wa kamba na mabega yakae bapa kabisa juu ya chuma.

Shakeli: ivutwe kwa mstari, pini upande mmoja na upinde upande mwingine. Ikivutwa kwa upande nyuzi 45 inabaki na asilimia 70, kwa 90 nusu. Pini ikipotea usiweke bolti ya kawaida badala yake. Kwa kitu cha kudumu kinachotikiswa na upepo, chukua shakeli ya bolti, nati na kotapini. Kama unayo ya pini ya kuzungusha, ikaze hadi bega la pini liguse, kisha ifunge kwa waya laini kwenye mwili wa shakeli.

Tanibako: chagua ya macho au ya midomo yenye pini, achana na ya ndoano kwa sababu kamba ikilegea ndoano inaweza kutoka. Ndani ya fremu uone ncha za skrubu zote mbili zimepita sehemu yenye nyuzi. Ukimaliza kukaza, pitisha waya kwenye fremu na macho yote mawili ili isijifungue yenyewe. Na usiongeze bomba kwenye spana. Ukihitaji bomba, kuna kitu kimekwama au tanibako ni ndogo.

Mlingoti12

Hili la bolti ya jicho sikulijua kabisa, zege bado halijamwagwa kwa hiyo fimbo zitalazwa kwa nyuzi 45. Swali la mwisho: kamba zivutwe kiasi gani, na baadaye nakagua nini?

Fundi_Kamba

Mvuto wa kuanzia wa kamba za mlingoti huwekwa karibu asilimia 10 ya nguvu ya kukatika, kwako ni kama kN 6. Pima kwa kipima mvuto, usikadirie kwa kugonga. Kaza kamba zinazotazamana kwa zamu, kidogo kidogo, huku mwenzako akiangalia wima wa mlingoti kwa timazi kutoka pande mbili.

Siku ya kumaliza, paka mstari wa rangi kwenye mkia, ukigusa ukingo wa kila klipu. Kamba ikiteleza, utaona ukanda usio na rangi kati ya mstari na klipu. Alama ikishahama, kukaza tu hakutoshi. Punguza mvuto wa kamba hiyo kwanza ukiwa umeshikilia mlingoti kwa kamba nyingine ya muda, fungua jicho, kata sehemu iliyobonyea, ufunge upya.

Ukaguzi wa kamba: tazama zaidi mahali kamba inapoingia kwenye klipu ya mwisho, maana mtikisiko wa upepo unaishia hapo. Uzi mmoja uliokatika kwenye kifungo uwe onyo, ukizidi mmoja badilisha. Mbali na kifungo, zaidi ya nyuzi 2 zilizokatika ndani ya mzunguko mmoja kamili wa msokoto, kamba imekwisha. Kipenyo pima kwa kalipa kwenye migongo ya misokoto inayotazamana, si kwenye mabonde. Futa kwa kitambaa kizito, usipitishe mkono mtupu.

Nati_kwa_Nati

Naongezea kwa atakayetumia kamba yenye ganda la plastiki: klipu isikae juu ya plastiki. Inabonyea na kuteleza hata nati zikiwa zimekazwa kwa kipimo. Menya ganda sehemu yote ya klipu hadi chuma kitokeze, na chagua klipu kwa kipenyo cha chuma, si cha ganda.