Mafunzo ya siku 3 kwa manesi, walimu na polisi kuhusu watoto waliosafirishwa kiharamu: yapangweje?

MratibuKahama

Habari za jioni wakuu. Mwezi ujao kuna mafunzo ya siku 3 hapa Kahama kwa watu 40: manesi na maafisa tabibu, walimu wa malezi, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, watendaji wa kata, pamoja na mawakala wa mabasi kutoka stendi. Lengo ni wajue kumtambua mtoto au kijana aliyesafirishwa kiharamu, na wajue cha kufanya akishapatikana. Wanaotuhusu zaidi huku ni wasichana wanaoletwa kufanya kazi za ndani na za baa, na wavulana wanaopelekwa machimbo madogo ya dhahabu.

Rasimu niliyokabidhiwa ina siku nzima ya sheria, nusu siku ya takwimu za dunia, video ya saa moja, na siku ya mwisho ya maazimio. Sioni mahali mshiriki anapofundishwa kuongea na mtoto. Naomba mwongozo: nikate nini, niongeze nini? Alama za utambuzi zifundishwe vipi zisiishie kuwa orodha ya kuweka tiki? Halafu kuna binti manusura ambaye wenzangu wanataka asimame mbele atoe ushuhuda. Mnalionaje?

---

Ustawi_Kanda

Mkuu, anza na idadi. Watu 40 kwa wawezeshaji 2 mtaishia kwenye mhadhara. Chukueni 24, wanagawanyika vizuri kwa watatu watatu na kwa makundi ya sita. Kama bajeti imepita kwa 40, fanyeni awamu mbili. Barua ya mwaliko itaje kazi ya mtu: "nesi wa wagonjwa wa nje", "askari anayepokea malalamiko kaunta". Mkiandika "mjumbe mmoja", ofisi itamleta mwenye zamu ya posho, na yule anayekutana na watoto kila siku atabaki kazini.

Sheria ipewe dakika 90, zinatosha. Wanachohitaji ni mambo matatu ya Itifaki ya Palermo ya 2000, ile ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu: kitendo (kumtafuta, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea mtu), mbinu (nguvu, ulaghai, kutumia shida yake) na lengo, yaani unyonyaji. Kwa aliye chini ya miaka 18 mbinu haihitajiki. Kitendo na lengo vikiwepo, kosa limetimia, hata kama mtoto alikubali na mzazi alimfungashia nguo mwenyewe. Hapo ndipo watu wengi huteleza. Husema "mbona wazazi waliridhia?" na faili linafungwa.

Wape kadi za mikasa ya kutunga, wazipange. Mfano: msichana wa miaka 13 kutoka kijiji cha Singida anafuatwa na mwanamke anayemwita shangazi, nyumbani wanaambiwa anakwenda kusomeshwa. Mjini analea watoto wawili, analala jikoni, na hela inatumwa kwa yule "shangazi". Kadi ya pili: binti wa miaka 16 anafanya kazi za ndani, analipwa mkononi, ana simu yake, Krismasi anakwenda kwao na kurudi. Kadi ya tatu: kijana wa Ethiopia wa miaka 17 amekamatwa na kundi linaloelekea Afrika Kusini, na anadaiwa nauli na watu asiowajua. Wabishane. Ya kwanza iko wazi. Ya pili ukaguliwe umri, saa na mazingira ya kazi, lakini si kila dada wa kazi amesafirishwa kiharamu, na tukimwita kila mmoja hivyo hakuna atakayetusikiliza. Ya tatu ndiyo yenye faida kubwa: safari inaweza kuanza kwa kijana kulipa avushwe mpaka, ikageuka njiani kuwa utumwa wa deni, na askari aliyeona "mhamiaji haramu" tu hatauliza lolote zaidi.

Video zenye minyororo na watoto waliofungiwa ziondoeni. Zinamfundisha mshiriki kutafuta kitu ambacho karibu hatakiona kamwe, huku anayemtafuta amesimama dukani ametumwa sabuni.

Kuhusu binti: hapana, asipandishwe jukwaani. Kahama si kubwa kiasi hicho, mawakala wa stendi wanajuana, na kuna mshiriki atakayempiga picha. Kama ni mtu mzima sasa na anataka kuchangia, mlipeni kama mshauri. Apitie kadi zenu wiki mbili kabla, awaambie wapi zimedanganya. Jina lake lisitajwe ukumbini.

Jambo la mwisho kwa leo: kati ya watu 24 huenda yupo ambaye haya yamempata. Wekeni mshauri nasaha chumba cha pembeni siku zote tatu, na mtangaze asubuhi ya kwanza kwamba kutoka nje hakuhitaji maelezo.

---

NesiWaZamu

Niongezee upande wa zahanati na hospitali.

Alama ukizisoma peke yake hazina maana. Mtoto mnyamavu ni mtoto mnyamavu. Fundisheni mkusanyiko, na mfundishe kwa eneo la kazi. Kliniki: mtu mzima anajibu kabla mtoto hajafungua mdomo, na mtoto anamtazama usoni kabla ya kutaja hata jina lake, anayemleta hajui tarehe ya kuzaliwa wala kama alichanjwa, kidonda cha pasi au mafuta ya moto kina wiki mbili na ndiyo kwanza kinaletwa, mtoto hajui jina la mtaa anaoishi. Shuleni: aliyemwandikisha si mzazi wala hana barua ya uhamisho, mtoto anasinzia kuanzia kipindi cha kwanza, na siku ya soko haonekani. Stendi: mtu mmoja ameshika tiketi za wasichana watatu au wanne wa rika moja, kila mmoja na mfuko mdogo, na hakuna anayejua atapokelewa na nani ila kipande cha karatasi chenye namba ya simu.

Kumtenganisha na aliyemleta ndipo kazi inapoharibika. Ukisema "naomba niongee naye peke yake" umeshamshtua, na kesho hawarudi. Njia inayofanya kazi ni kuifanya kanuni ya kituo: kila mwenye umri wa miaka 10 na kuendelea anaonwa peke yake dakika chache, wote bila kuchagua. "Mama subiri hapo, anakwenda kupima uzito na kutoa mkojo." Akigoma kabisa, hilo nalo liandikwe.

Mkiwa wawili, usianze na "umeuzwa?" wala "kwa nini hukukimbia?". Anza na maisha ya kawaida: Siku yako inaanza saa ngapi? Unalala wapi? Hela yako anashika nani? Ukitaka kuongea na mama yako unafanyaje? Ukisema unataka kurudi nyumbani, itakuwaje? Maswali matano ya namna hiyo yanatoa zaidi ya fomu ya kurasa nne. Na usiahidi siri. Sema: "Utakayoniambia sitayatangaza, lakini kama kuna anayekuumiza itabidi nimwambie mtu wa ustawi anayeweza kukusaidia." Asiposema kitu leo, mwachie mlango wazi na mpe tarehe ya kurudi kusafisha kidonda. Wengi hufunguka mara ya pili au ya tatu.

Zoezi lake: watatu watatu, mmoja mtoto, mmoja mhudumu, mmoja mtazamaji. Dakika 10 za mazungumzo, 10 za marejesho, kisha wabadilishane mpaka kila mmoja amepita nafasi zote. Mtazamaji ahesabu kitu kimoja tu: maswali yaliyobeba jibu ndani yake, kama "alikupiga, siyo?". Wanaojiona hodari ndio huuliza mengi. Siku ya pili yote iwe hii.

Kama kuna ukatili wa kingono, saa zinahesabika: dawa kinga ya VVU ianze ndani ya saa 72 na imezwe siku 28, kinga ya mimba ndani ya saa 120. Matibabu ya dharura hayasubiri PF3 (fomu ya polisi ya aliyeumizwa), fomu itafuata. Bado kuna vituo vinavyomrudisha mtoto polisi akachukue karatasi kwanza, na saa zinapotelea barabarani.

---

MratibuKahama

Ahsanteni sana. Naona siku ya pili imeshajengeka. Upande wa polisi: malalamiko mengi hapa yanaanza na mwajiri, kwamba binti ameiba simu au hela akatoroka. Askari wafundishwe nini?

---

Faili_la_Dawati

Hilo ndilo liwe somo lao kuu. Mwajiri akiona binti ametoroka, anawahi kituoni kabla yake. Askari wa kaunta afundishwe kuuliza mlalamikaji maswali matatu kabla hajafungua jalada la wizi: huyu mtoto alifikaje kwako, nani alimleta, na mara ya mwisho ulimlipa lini na kwa njia gani? Majibu yaandikwe kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe. Mtoto asiwekwe mahabusu wakati hilo linachunguzwa, na asiadhibiwe kwa kosa alilolazimishwa kulitenda alipokuwa ananyonywa.

Mahojiano yawe machache. Nesi, mwalimu, mtendaji na askari kila mmoja akidai simulizi nzima, mtoto anasimulia mara nne, tofauti ndogo zinajitokeza, na wakili wa utetezi anazifanyia kazi. Anayempokea kwanza achukue ya usalama tu: yuko hatarini sasa, ameumia, kuna mwingine aliyebaki kule? Maelezo kamili aachiwe askari wa Dawati, afisa ustawi akiwa pembeni. Kumbukumbu yake haitafuata mpangilio. Atakumbuka rangi ya geti na asikumbuke mwezi. Askari asiyefundishwa hili huandika "anadanganya".

Ushahidi unaopotea kirahisi ni ujumbe wa miamala ya simu unaoonyesha mshahara ukienda kwa dalali, tiketi ya basi, na picha za mahali alipolala. Andika namba, tarehe na kiasi siku hiyo hiyo, maana simu hufutwa.

Umri: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi aliyosoma. Mpigie mwalimu mkuu wa kule. Eksirei ya mifupa inaweza kukosea kwa miaka miwili hivi, isiwe tegemeo pekee. Vielelezo vikigongana, mchukulie ni mtoto mpaka ithibitike vinginevyo.

Kama mtaweza kumpata mwendesha mashtaka, apewe nusu saa aeleze ushahidi wa mtoto. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini lazima kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo ionekane kwenye mwenendo wa shauri. Isipoandikwa, kesi nzuri inaweza kuangukia rufaa. Na wote wafahamu kuwa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 mwathirika akiwa mtoto kosa ni zito zaidi, kwa hiyo suluhu ya "kulipana nauli" mbele ya mwenyekiti wa mtaa haipo.

---

Mwalimu_Mvita

Niko Mombasa, sheria yetu ni ya 2010, ila somo moja linawahusu na nyinyi: msilenge stendi pekee. Vijana wa miaka 16 na 17 wanatafutwa kupitia WhatsApp na Facebook kwa kazi za hoteli au za Ghuba, na pasipoti inatoka ikiwa na umri ulioongezwa. Walimu wenu wajue kuuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeaga ghafla: kazi umeipata vipi, aliyekupa umemwona ana kwa ana, pasipoti anashika nani? Namba ya msaada kwa watoto, 116, ni ya bure kwenu na kwetu, Uganda pia wanayo.

---

Ustawi_Kanda

Mwalimu asante, hilo liingie kadi ya nne.

Mratibu, siku ya tatu futa maazimio, weka rufaa, yaani kumfikisha mtoto kwa wahusika wengine wa kumsaidia. Chukueni tukio moja: Ijumaa saa tatu usiku, wakala wa basi anapiga simu kwamba yuko na msichana wa miaka 14, aliyemleta amekimbia. Kila mshiriki aseme anampigia nani, kisha apige kweli, simu ikiwa mezani kwa sauti ya wazi. Nusu ya namba mtakuta hazipatikani au ni za afisa aliyehamishwa. Wapigieni wahusika kabla, wajue ni zoezi. Ifikapo saa sita mchana muwe na kadi moja yenye namba ya afisa ustawi wa zamu, Dawati, Kituo cha Mkono kwa Mkono (huduma zote za mwathirika mahali pamoja) kama kipo hospitalini, na 116, pamoja na jibu la swali ambalo vikao hulikwepa: atalala wapi usiku huo? Nyumba salama ikiwa mbali, tafuteni familia za kuaminika zilizopitishwa na ustawi mapema, msizitafute usiku ule.

Pangeni saa moja ya kinachofuata, maana wahudumu hukata tamaa hapo. Mtoto anaamka saa kumi alfajiri kudeki bila kuambiwa, anaficha mkate chini ya godoro, anamwita aliyemtesa "mama" na anataka kumpigia. Si utovu wa shukrani. Apewe ratiba inayotabirika na uchaguzi mdogo mdogo: kula sasa au baadaye, mlango uwe wazi au ufungwe. Kumrudisha kwao kusubiri mpaka afisa ustawi wa wilaya ya nyumbani afike pale na kujua nani alipokea hela, na kama yule "shangazi" anakaa nyumba ya tatu. Shule pia: Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu walioacha masomo kurejea, na kuna MEMKWA (Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa) kwa waliopitwa na umri. Walimu wenu watoke wakijua hilo, wasimwambie mtoto nafasi imekwisha.

Bajeti ikibana, kateni hoteli, msikate kikao cha nusu siku cha wiki ya sita. Kila mshiriki aje na tukio moja lisilo na majina, alilolishughulikia au lililomshinda. Na kundi la WhatsApp la mafunzo liwe na sharti tangu siku ya kwanza: hakuna picha ya mtoto, hakuna jina, hakuna kijiji.