MREJESHO: Ile kazi ya mteja wa siri supamaketi

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nifanyeje na kampuni iliyotaka nijifanye mnunuzi wa kawaida ili nikague huduma: nikariri majina ya makeshia watano, nipime foleni kwa sekunde, nipige picha chooni, na mtu asinishtukie! Malipo shilingi 15,000, bidhaa nanunua kwa hela yangu.

Nilifuata ushauri wa kudai masharti kwa maandishi kabla ya kwenda. Picha za choo wameziondoa, majina yamebaki mawili. Ushauri wa kurekodi sauti niliuacha. Kumrekodi keshia kimyakimya ni kumkosea.

Malipo nimepata. Hela ya bidhaa wamegoma kunirudishia: risiti iligusana na mafuta ya kupikia kwenye mfuko, maandishi yakafutika. Aliyesema niipige picha palepale kaunta, ulikuwa sahihi kabisa, ndugu yangu.