Kwa nini Wamarekani wanabishania maana ya silaha kuliko bunduki zenyewe?

Mwalimu wa Wete

Assalaamu alaykum. Ninasimamia mdahalo wa skuli yetu hapa Wete, na vijana wa kidato cha nne wamechagua mada ya haki ya raia kumiliki bunduki, wakiichukua Marekani kuwa mfano. Wenyewe wameigawa mada katika mafungu mawili mepesi, wanaozitaka bunduki na wasiozitaka. Lakini katika kuwatafutia maandiko naona kwamba mahkama na jumuiya za utetezi za huko hutumia nguvu nyingi kubishania jambo jengine kabisa, nalo ni kitu gani kihesabiwe kuwa silaha na kipi kisihesabiwe. Ningependa mwenye elimu ya sheria anieleze kwa nini jambo hilo lina uzito kiasi hicho, jumuiya hizo zimepataje nguvu zake, na kama mjadala huo una lolote la kutufaa sisi wa visiwani, ambako watu wengi hawajapata kuishika bunduki maisha yao yote.

Wakili wa Vuga

Wa alaykum salaam, Maalim. Uzito unatokana na namna sheria yenyewe ilivyojengwa. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kuweka na kubeba silaha, lakini hayasemi silaha ni nini. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller iliyohusu marufuku ya bastola katika mji mkuu wa Washington, majaji 5 dhidi ya 4 wa Mahkama ya Juu waliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, na katika hukumu hiyo hiyo wakasema kwamba ina mipaka. Sehemu kubwa ya mipaka hiyo imo katika vifungu vya tafsiri, vile ambavyo msomaji wa kawaida huviruka.

Wanafunzi wako waanze na mwaka 1934. Mswada wa mwanzo wa sheria ya taifa ya silaha ulikusudia kuzibana bunduki za rashasha na bastola kwa pamoja, na ili mtu asikwepe kwa kukata mtutu wa raifo akapata kitu cha kuficha ndani ya koti, ukazibana na bunduki zenye mtutu mfupi. Wapinzani, wakiwemo NRA, yaani jumuiya kubwa ya wenye bunduki ya huko, walishikilia bastola zitolewe, zikatolewa. Kile kifungu cha mtutu mfupi kikabakia. Ndiyo maana mpaka leo raifo yenye mtutu usiofika inchi 16 inatakiwa isajiliwe kwa utaratibu mkali wa serikali ya taifa, ilhali bastola, ambayo inafichika kirahisi zaidi, haimo katika utaratibu huo. Kodi ya dola 200 iliyowekwa na sheria hiyo ilidumu miaka 90 na zaidi, mpaka sheria ya mwaka 2025 ilipoishusha kuwa sifuri, kuanzia 2026, kwa bunduki za mtutu mfupi na viwambo vya kuzuia sauti. Jumuiya za wenye bunduki zikaenda mahkamani kudai kwamba kodi ikishaondoka, usajili nao hauna tena msingi.

Kesi ya Cargill ya 2024 inafaa zaidi kufundishia. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, ambapo zaidi ya watu 50 waliuawa, ATF, ambayo ni idara ya serikali inayosimamia silaha, iliamua kwamba kitako maalumu kinachotumia mrudisho wa bunduki ili ifyatue mfululizo kinaigeuza bunduki hiyo kuwa rashasha. Sheria inasema rashasha ni ile inayotoa zaidi ya risasi moja, yenyewe kwa yenyewe, kwa tendo moja la kifyatulio. Majaji 6 walisema kwamba kifyatulio hurudi na kubonyezwa upya kwa kila risasi, kwa hiyo si rashasha; majaji 3 walisema kwamba mtumiaji huvuta mara moja tu na risasi zikamiminika. Kasi ya risasi haikuwa na ubishi, wala idadi ya waliokufa. Hukumu nzima ilisimama juu ya kipande cha chuma kisichozidi kidole. Mwaka uliofuata, katika kesi ya VanDerStok, majaji 7 dhidi ya 2 walikubali kwamba baadhi ya vifurushi vya vipande ambavyo mtu hujiunganishia bunduki nyumbani vinaweza kuhesabiwa kuwa silaha hata kabla ya kuunganishwa.

Msasi wa Makunduchi

Namshukuru wakili, ila naomba upande wa wenye bunduki usielezwe kana kwamba ni wa hila tupu. Mimi nina shotigani yenye leseni kwa ajili ya nguruwe wanaofukua mihogo, na najua kwamba tafsiri ikibadilika, mtu aliyelala mwema anaweza kuamka mhalifu. Kile kitako cha Las Vegas, ATF yenyewe ilikwisha kukipitisha miaka kadhaa kabla, watu wakakinunua kihalali, kisha wakaamriwa wakiharibu au wakisalimishe. Kama tafsiri ilikuwa na kasoro, Bunge lao ndilo lenye kuirekebisha, si idara.

Kuhusu nguvu za NRA, waliianzisha New York mwaka 1871 watu waliopigana upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliosikitishwa na shabaha mbovu ya askari wao. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa shabaha na usasi, mpaka mkutano wa Cincinnati wa 1977, ambapo wanachama waliotaka siasa za kutetea haki waliwaondoa viongozi wa zamani. Fedha zimechangia, sikatai, lakini mbunge wa huko humwogopa zaidi mwanachama wa jimboni kwake anayepiga kura kwa jambo hili moja tu.

Bint Mkoani

Kaka Msasi, uwazi wa sheria naukubali, lakini waliopigwa risasi nao wana jumuiya zao, na vijana wazijue. James Brady, msemaji wa Rais Reagan, alipigwa risasi ya kichwa mwaka 1981 katika jaribio la kumuua rais. Yeye na mkewe walihangaika miaka mingi hadi sheria yenye jina lake ikapita mwaka 1993, na kwa sheria hiyo muuzaji mwenye leseni anatakiwa ahakikishe kwamba mnunuzi hana rekodi inayomzuia.

Hoja inayonigusa zaidi ni ile ya kwamba raia awe na bunduki ili ajilinde na dola. Sisi Wapemba tunaielewa kuliko wengi. Januari 2001 watu waliuawa kwa risasi za vyombo vya dola hapa kwetu na Unguja, katika maandamano yaliyofuatia uchaguzi wa 2000. Hata hivyo siamini hata kidogo kwamba bunduki majumbani zingetuokoa, maana visiwa vidogo ambamo kila ukoo umeoana na mwengine vingeteketea kwa visasi. Kilichofuata ni tume ya uchunguzi na Muafaka wa Oktoba mwaka ule ule, na pamoja na upungufu wake wote, Muafaka ulizungumzwa na watu walio hai. Nawaomba vijana wa Wete waliseme hili bila ya woga.

Mwalimu wa Wete

Ahsanteni sana, na maneno ya Bint Mkoani nitawasomea darasani kama yalivyo. Nimebakiwa na swali moja kwa wakili: gobore la zamani lingehesabiwaje huko na hapa?

Wakili wa Vuga

Huko, sheria ya taifa ya 1968 haiihesabu kuwa silaha ya moto bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Hapa kwetu, si Katiba ya Muungano ya 1977 wala ya Zanzibar ya 1984 inayompa raia haki ya bunduki, na mwenye gobore anahitaji leseni kama mwengine yeyote. Lakini mstari kama huo wa Wamarekani ulishawahi kuchorwa kwa ajili ya pwani yetu. Baada ya bunduki kwa maelfu kupitia bandari ya Zanzibar kwenda bara, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizizuia raifo na silaha za kisasa, ukaziachia kwa masharti bunduki za gumegume, yaani zile za zamani ambazo baruti yake huwashwa kwa cheche za jiwe. Waliokaa Brussels ndio walioamua Mwafrika ashike bunduki ya aina gani, na hilo nalo liingie katika mdahalo.