Naomba ushauri: masika imeondoka na pumzi, Jumamosi nina safari ya Bagamoyo kwa baiskeli

Mkimara
Wakuu, habari za majukumu. Mvua zilipoanza Machi niliitundika baiskeli ukutani, nimeishusha juzijuzi baada ya barabara kukauka. Mwili umegoma. Kutoka Ubungo kupanda Kimara, njia niliyokuwa napita huku napiga mluzi, sasa nashuka gia mpaka zinaisha na bado bajaji zinanipigia honi nisogee. Jumamosi tunakutana Mwenge na jamaa zangu, tunaelekea Bagamoyo. Nipeni chochote: chakula, zoezi, dawa ya kienyeji. Miguu irudi haraka.

Bibi Tandale
Tangawizi, asali na ndimu, alfajiri kabla hujala kitu. Na hizo chipsi mayai za usiku uache, mwanangu.

Konda Mstaafu
Vijana wa siku hizi! Mimi nimebeba mkaa kutoka Kisarawe kwa Phoenix isiyo na gia hata moja, gunia nyuma, breki ni soli ya kandambili. Mteremko wa Pugu siku moja mnyororo ukachomoka, nikaenda kusimamia kwenye genge la mama mmoja. Nyanya zote nililipa mimi. Hayo mambo ya pumzi hatukuyajua.

Spoku
Mkuu, ukikaa wiki mbili tu bila zoezi, maji ya damu yanapungua, moyo unasukuma kiasi kidogo kwa kila pigo, ndiyo maana unatweta. Misuli yenyewe haiondoki upesi hivyo. Vyote vinarudi, ila si kwa Jumamosi. Endesha taratibu wiki kadhaa, mwendo wa kuweza kupiga stori bila kukata maneno. Halafu kusi imeshashika: kwenda Bagamoyo itakusukuma mgongoni ujione bingwa, kurudi itakukaba usoni kuanzia Mapinga. Ukipanda Kimara moyo unapiga ngapi?

Mkimara
Wiki iliyopita saa ya mkononi haikuvuka 118 hata nilipokazana. Nadhani mbovu, ya Kariakoo hii.

Spoku
Aliyepoteza mazoezi moyo wake hukimbia kuliko zamani. Wako umefungwa breki. Unameza dawa gani?

Mama Abdul
Eti dawa gani. Muulize kwanza ana wake wangapi.

Spoku
Mkimara, nimeuliza.

Mkimara
Sikuona kama inahusika. Aprili niliambiwa nina presha, nikaandikiwa atenolol. Lakini nimeshaiacha tangu juzi ili Jumamosi niwe mwepesi, nitaendelea nayo Jumatatu. Msianze kunisema, mwili wangu naujua.

Spoku
Atenolol kazi yake ndiyo hiyo, kupunguza mapigo ya moyo. Saa yako nzima kabisa. Ila dawa hiyo haikatwi ghafla. Ukiikata, presha na mapigo vinaweza kupanda kwa kishindo, na wapo wanaopata maumivu ya kifua au shambulio la moyo. Wewe unataka kuongezea na kilomita zaidi ya mia moja, kwenda na kurudi. Nenda leo kwa aliyekuandikia, mwambie unaendesha baiskeli. Ziko dawa nyingine za presha zisizobana mapigo hivyo, ila kuchagua si kazi yako wala yangu.

Jicho la Mwewe
Jamani, hii chai. Huyuhuyu wakati wa mvua alileta uzi anauza baiskeli, anahamia Dodoma. Leo yuko Kimara na presha juu. Weka picha ya baiskeli na boksi la dawa.

Mkimara
Ile ilikuwa ya shemeji, nilimtangazia tu. Dodoma kaenda yeye.

Jicho la Mwewe
Shemeji tena. Ongeza sukari.

Nassoro wa Temeke
Iwe chai au uji, mimi nameza hiyohiyo na nikisafiri huwa naiacha nyumbani. Spoku, nifuate inbox tafadhali.

Spoku
Nassoro, inbox ya nini? Mpigie daktari wako.

Mkimara
Basi, nimewasikia. Bagamoyo siendi, nitaishia Bunju, niwasubiri hapo wakati wa kurudi. Hela ya samaki nimeshachanga, siwezi kuidai.

Spoku
Na dawa?

Mama Abdul
Kaondoka huyo.

Jicho la Mwewe
Picha bado.

Konda Mstaafu
Hiyo ya shemeji kama haijapata mtu, ni ringi 26 au 28?